Samaki Hawaambiwi Watulie

Kamera ya kwanza ya Dalmas Obonyo ilikufa maji. Alikuwa Asembo Bay kwenye harusi, bwana na bibi harusi wamesimama ndani ya mtumbwi uliopambwa kwa maua ya karatasi, naye akarudi nyuma kidogo ili wote wawili waingie kwenye picha. Akarudi tena kidogo. Akaingia ziwani. Wageni walimtoa, kamera haikutolewa. Katika maisha yake yote ya kazi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kifaa chake kuwakaribia samaki, na hakuna picha iliyopatikana.

Ili anunue nyingine, mpya, ya kidijitali, ilibidi wauze ng'ombe. Caren, mkewe, hakupinga sana. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amezeeka. Alichosema tu ni kwamba ng'ombe, hata awe mzee namna gani, hutoa maziwa kidogo.

"Hii itatoa zaidi ya maziwa, Mama Sheryl," Dalmas alimwambia, akiifungua kamera kutoka kwenye sanduku lake kama anayemtoa mtoto kwenye maji ya moto.

"Tutaona," Caren akasema.

Dalmas alikuwa na studio ndogo mtaani Migosi, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hayapatikani popote duniani. Zamani watu walipanga foleni mlangoni. Siku hizi kila mtu ana simu, na waliobaki kumhitaji walikuwa wenye kutafuta pasipoti na wenye kufiwa. Lakini aliyeketi kwenye kile kiti chake alitii. "Kaa wima. Kidevu juu. Usipepese. Usicheke, hii ni ya serikali." Machifu walitii, wachungaji walitii, na kuna jaji mmoja aliyewahi kuinua kidevu kwa muda mrefu hadi shingo ikamwuma. Dalmas aliamini kwamba upigaji picha ni kazi ya kutoa amri, na kwamba kamera huja baadaye.

Ndipo Mwihaki alipompigia simu.

Mwihaki alikuwa amekuja Kisumu kutoka Nyeri miaka mingi nyuma akiuza viazi, akapanda kutoka kwenye gunia hadi kwenye duka, na sasa alikuwa amefungua hoteli ya samaki kwenye barabara ya kwenda Dunga. Yeye mwenyewe samaki hali. Kwao, alikozaliwa, bibi yake alimwambia kwamba samaki ni binamu ya nyoka, na ingawa alikuwa amejua tangu zamani kwamba si kweli, ulimi wake haukuwahi kupata habari hiyo. Lakini biashara haiulizi mtu anapenda kula nini. Watu wa Kisumu walitaka samaki, naye angewapa samaki.

Mlangoni mwa hoteli alikuwa ameweka tangi kubwa la kioo, na ndani yake ngege wachache, yaani perege, na kundi la fulu, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyometameta. Hawa hawakuwa wa kuliwa. Wa kuliwa waliletwa kila asubuhi kutoka Dunga. Wa tangini walikuwa wa kumwonyesha mteja kwamba hapa kila kitu ni kibichi.

"Sasa nataka picha," Mwihaki alimwambia Dalmas, akionyesha ukuta mtupu wa ukumbi. "Kubwa, kutoka hapa mpaka pale. Si zile za kutoa kwa intaneti, kila hoteli iko nazo. Nataka hawa wangu, wa kwenye tangi. Mteja akikaa, akiangalia juu, njaa imshike. Umewahi kupiga samaki picha?"

"Mama," Dalmas alisema, "mimi nimepiga maaskofu."

Jibu hilo lilimridhisha Mwihaki, ingawa halikuwa jibu.

Siku ya kwanza Dalmas alifika na tai shingoni. Akasimama mbele ya tangi, akawasha flashi, akapiga. Alipotazama kioo cha nyuma ya kamera aliona jua. Lilikuwa limechomoza katikati ya tangi, jeupe, na samaki hakuna. Akasogea upande, akapiga tena. Safari hii aliona tumbo la mwanamume, vifungo vinne na tai, vyote vikielea kati ya majani ya maji. Lilikuwa tumbo lake. Picha ya tatu ilikuwa na mkia. Zilizofuata zilikuwa na mchirizi wa rangi ya kahawia, kama mchuzi uliofutwa mezani kwa haraka.

"Tulia," alijikuta akisema. "Wewe, mkubwa. Geuka huku. Tulia!"

Naswa, mhudumu wa hoteli, alikuwa akipanga viti nyuma yake. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kusaidia hata asipoombwa.

"Mzee, hao wametoka ziwani," alisema. "Jaribu na Kijaluo."

Dalmas alijifanya anapangusa lenzi. Lakini Naswa alipoingia jikoni, Dalmas aliinama karibu na kioo na kunong'ona neno lile lile la kutulia kwa Kijaluo, "Bed mos." Ngege mkubwa alimtazama kwa jicho moja, akageuka, akamwonyesha mkia.

Jioni alimwonyesha Caren kazi ya siku. Caren alivaa miwani, akaichukua kamera, akaisogeza karibu na mbali.

"Hii ni ya kliniki?" aliuliza. "Nani ana mimba?"

Mtu mwingine angerudisha kazi. Dalmas aliona haya kuirudisha kwa sababu ya wale maaskofu. Akaanza kujifunza. Kijitabu kilichokuja na kamera kilikuwa kimeandikwa kwa lugha nyingi, kila moja ikieleza namna ya kuingiza betri. Akageukia video za kwenye simu, na huko akampata mwalimu: Mjerumani mmoja mwenye ndevu, amevaa sweta zito, nyuma yake dirisha likionyesha theluji. Mjerumani huyo alikuwa amejaza sebule yake matangi ya fulu wa Ziwa Viktoria. Aliwaita kwa majina marefu ya Kilatini, na sauti yake ililegea alipowataja, kama mtu anayetaja wajukuu. Dalmas, aliyezaliwa ambapo fulu hukaushwa juani na kumwagiwa kuku, alikaa kitandani na kusikiliza kwa makini habari za ziwa lake kutoka kwa mtu ambaye huenda hajawahi kuliona.

Mjerumani alifundisha vizuri. Zima flashi, alisema, mwanga utoke juu ya maji. Safisha kioo, nje na ndani. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo, ikikitazama wima, usikae mshazari. Ongeza kasi, kwa maana samaki hata akiwa amesimama huwa anatembea. Weka shabaha kwenye jicho, jicho likiwa limefifia picha imekufa. Funika kila kitu nyuma yako kwa kitambaa cheusi ili usijipige picha mwenyewe. Na mwisho, alisema, subiri.

Mengine yote Dalmas aliyaweza. Alinunua taa ndefu akaiweka juu ya tangi. Alisugua kioo hadi Mwihaki akataka kumwajiri. Kwa kitambaa cheusi, alichukua gauni la Caren la matangani, pana, lenye mikono mirefu, akajifunika yeye na kamera pamoja. Wateja walioingia waliona mlangoni mtu mzima amejikunja chini ya gauni la kike la maombolezo, ameegemeza kichwa kwenye tangi la samaki. Wengi walipita kwa heshima. Mama mmoja alimuuliza Naswa kwa sauti ya chini, "Amefiwa na nani?"

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Alizoea mteja anayeketi, anayelipa, anayeondoka. Hawa hawakuwa na haraka ya pasipoti. Alipomfuata mmoja kwa lenzi, alikimbia. Alipomfuata mwingine, wa kwanza alirudi pale pale alipokuwa. Siku moja, baada ya kuchoka, aliacha kuwafuata. Aliielekeza kamera kwenye jiwe moja chini ya tangi, akaweka shabaha hapo, akakaa kimya chini ya gauni lake akisikiliza vijiko na sufuria. Kitambo kikapita. Fulu mmoja mwekundu akaja, akasimama juu ya jiwe lile kama aliyeitwa, akageuza ubavu. Dalmas akabonyeza.

Magamba yote yalionekana. Jicho lilikuwa na duara la dhahabu. Dalmas aliitazama picha ile, akaikuza, akaitazama tena, kisha akavua gauni, akatoka nje, akasimama barabarani bila sababu.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Studio alimwachia Caren, ambaye aliwapiga picha watu wa pasipoti kwa simu yake, na hakuna aliyelalamika. Dalmas alijua sasa fulu yupi ni mgomvi na yupi ni mwoga. Hata samaki walimzoea. Akiketi tu, walikuja kujaza kioo kizima kumwangalia. Alinyoa ndevu kwa ajili yao, Caren alisema. Kwa ajili yake yeye hajawahi kunyoa katikati ya wiki.

Aliyebaki bila picha ni ngege mmoja jike, mkubwa, wa kijivu, aliyejificha pembeni. Kidevu chake kilikuwa kimevimba na hakuwa akila. Chakula kilipomwagwa wenzake waliruka, yeye alikaa mahali pake akitazama.

"Huyo ni mgonjwa," Mwihaki alisema. "Naswa, mtoe kabla hajaambukiza wengine."

"Mama, subiri kidogo," Dalmas alimwomba. "Niachie leo tu. Huyo ndiye peke yake anayetulia."

Hiyo ilikuwa kweli. Baada ya majuma ya kufundishwa adabu na samaki, alikuwa hatimaye amempata mteja wa aina aliyoizoea: amekaa wima, kidevu juu, hapepesi. Akampiga picha moja, akaikuza kwenye kioo cha kamera ili akague jicho. Jicho lilikuwa safi. Akasogeza picha kidogo hadi kwenye mdomo, uliokuwa wazi kiasi. Ndani ya mdomo kulikuwa na macho mengine.

Alifikiri ni uchafu kwenye lenzi. Akaifuta, akapiga tena, akakuza tena. Macho madogo, meusi, mawili mawili, mengi mno, yakimtazama kutoka ndani ya mdomo wa mama yao.

"Mama Mwihaki!" aliita kutoka chini ya gauni. "Naswa! Njooni!"

Mwihaki aliishika kamera kwa mikono yote miwili.

"Anawala?" aliuliza.

"Anawaficha."

"Na ndiyo sababu hali?"

"Akifungua mdomo kula, atawameza."

Mwihaki aliinama akamtazama yule ngege kupitia kioo, uso kwa uso. Alikuwa amewalea watoto wake nyuma ya magunia ya viazi sokoni, na kuna siku walizokula wao tu. Alisema, "Naswa, mtu asigonge hiki kioo. Akigonga, mwambie atoke."

Siku chache baadaye mama akawatoa watoto. Walimzunguka kama vumbi lenye uhai, na Dalmas alikuwa chini ya gauni, pumzi ameibana, shabaha kwenye jicho. Jikoni mtu akaangusha kifuniko cha sufuria. Kelele ilipofika tangini, mama alifungua mdomo na wale watoto wote wakageuka kwa pamoja wakakimbilia ndani. Dalmas alibonyeza na kubonyeza. Kati ya zile picha moja ilikuwa imekamilika: mdomo wazi kama mlango wa nyumba jioni, watoto nusu wameingia na nusu wako njiani, na juu ya yote jicho la mama, angavu, likimtazama anayetazama.

Caren alipoiona hakuuliza habari za kliniki. Aliketi nayo, akasema, "Basi ng'ombe alienda vizuri."

Zikachapishwa kubwa, zikawekwa fremu, zikatundikwa. Mama na watoto wake walipewa ukuta wa katikati. Pembeni walikaa fulu na ngege wengine, na hapo ndipo mkono wa Dalmas ulipoonekana, maana mtu aliyepiga watu pasipoti maisha yake yote hawezi kumpiga kiumbe asimpe sura. Kila samaki alikuwa na uso wake. Mmoja alionekana kama amechelewa kazini. Mwingine alionekana kama amesikia jambo baya kuhusu jirani na anajizuia kulisema.

Siku ya kuzindua picha ukumbi ulijaa. Mchungaji aliomba, keki ilikatwa, watu walizunguka wakishika mashavu kwa mshangao. Mzee Ondiek, mwuza magurudumu ya mkokoteni, ambaye alisifika kwa kumaliza ngege mzima bila kusimama kunywa maji, alisimama kwa muda mrefu mbele ya yule mwenye uso wa kuchelewa.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema. "Yule wa Asembo. Mwenyewe kabisa."

Akaketi. Naswa akamletea ngege wa kukaanga, amelazwa juu ya sahani na ugali pembeni, kichwa na macho yake yote. Mzee Ondiek alinawa mikono. Aliangalia sahani, akaangalia ukuta. Akainua taya ya yule ngege kwa kidole kimoja, polepole, akachungulia ndani ya mdomo.

"Naswa," alisema. "Kuku iko?"

Kuku alikuwepo, mmoja, aliyepikwa kwa ajili ya Mwihaki mwenyewe. Mzee Ondiek alimla mzima.

Mwanzoni walicheka. Lakini meza ya pili ikachungulia mdomo, na ya tatu. Watu waliozaliwa ufuoni, walionyonya supu ya samaki kabla ya meno kuota, waliokula kichwa kwanza na kugombania shavu, sasa walimfungua ngege mdomo kwa uma kama daktari wa meno, na hata walipokuta hamna kitu, hamu ilikuwa imeshaondoka. "Naona kama ananiangalia," mama mmoja alisema. Mtoto wake alilia hadi wakaondoka. Kabla mwezi haujaisha, Naswa alikuwa ameacha kuuliza "Ngege ama mbuta?" Aliuliza tu, "Wa kuchoma ama wa mchuzi?" na kila mtu alijua anazungumzia kuku.

Mwihaki alimwita Dalmas.

"Nilikuambia njaa iwashike," alisema. "Nilisema hivyo ama sikusema?"

"Ulisema, Mama. Kwani picha ni mbaya?"

"Ni nzuri! Hiyo ndiyo shida. Nani alikuambia uzifanye nzuri hivyo? Ulikuwa ufanye samaki, wewe umefanya watu."

Dalmas hakujua kama ametukanwa au amesifiwa.

"Naswa, zitoe," Mwihaki akaamuru. Zikatolewa, zikaegemezwa ghalani kwenye magunia ya viazi, na ukuta ukabaki na misumari. Siku iliyofuata walifika walimu na basi la shule. Walikuwa wamesikia kuna picha ya samaki anayebeba watoto mdomoni. Walipoambiwa imetolewa walitaka kuondoka wote na njaa yao. Baada yao ikaja familia kutoka Kakamega. Baada ya familia, kwaya nzima. Mwihaki alisimama mlangoni akiwahesabu wanakwaya wakirudi kwenye gari, kisha akapiga kelele, "Naswa! Rudisha mama ya watoto!"

Zikarudishwa zote. Watu wakaja, wakasimama mbele ya ule ukuta wa katikati, wengine wakavua kofia, kisha wakakaa na kula kuku. Kibao cha nje bado kiliandikwa hoteli ya samaki, na hakuna aliyeona ajabu. Kuku Mwihaki aliwajua. Hakuhitaji tena kuonja kwa macho vitu asivyoviweza, na jikoni kulinukia vile kulivyonukia kwa mama yake. Alinenepa kidogo. Jioni, wateja wakipungua, alivuta kiti hadi kwenye tangi akaketi hapo na chai yake. Watoto wa ngege walikuwa wamekua, hawaingii tena mdomoni, ingawa mmoja wao alijaribu mara kwa mara.

Dalmas alipopita kuchukua malipo yake ya mwisho, kamera shingoni, alimkuta hapo. Alimshukuru, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akazungusha macho nje, uani, ambako jogoo mwekundu alikuwa amesimama juu ya ndoo, jua la saa kumi likimpiga manyoya ya shingo. Dalmas aliinama kidogo. Mkono ulienda kwenye lenzi wenyewe.

"Mzee Obonyo," Mwihaki akasema bila kuinuka.

"Naam, Mama."

"Kuku wangu usiwaguse na hiyo kitu. Tafadhali. Nimekuheshimu."

Dalmas aliifunika lenzi. Aliaga, akaenda nyumbani Migosi kwa miguu, akiwa na furaha kuliko alivyokuwa tangu harusi ile ya Asembo.

Caren alikuwa ameandaa meza. Katikati kulikuwa na ngege wa mchuzi, mkubwa, nyanya na dania juu yake, macho yakiangalia dari. Caren alisimama na kijiko mkononi akimtazama mumewe aone itakuwaje, maana habari za hoteli zilikuwa zimeenea mtaa mzima, na majirani wawili walikuwa wameacha kununua samaki kabisa.

Dalmas alinawa, akaomba baraka, akavunja ugali. Alianza na kichwa. Alinyonya shavu, akatoa jicho, akafyonza mfupa mmoja mmoja bila kuinua uso, na alipomaliza upande mmoja akamgeuza.

"Kwani wewe huoni haya?" Caren akauliza. "Watu wa Kisumu wote wanakula kuku kwa sababu yako."

"Huyu," Dalmas alisema, akinyoosha mkono kuongeza mchuzi, "sikumpiga picha."